Spana niliyoichomelea imekatika pembeni ya mshono, mshono wenyewe mzima. Kosa liko wapi?

#1 Spana Boi wa Sae

Wakuu, habari za jioni. Naenda moja kwa moja.

Nipo gereji hapa Mbeya mjini mwaka wa nne sasa, jina langu la humu lisiwadanganye. Kuna hizi Toyota Noah za zamani zinakuja karibu kila wiki na tatizo la stata. Boliti ya juu ya stata, kichwa cha 14, imejificha nyuma huko: mkono ukiingia spana haizunguki, spana ikizunguka mkono hauna pa kukaa. Nikachoka kuchubua vidole. Nikachukua spana ya ringi namba 14, nikaikata kwa grenda, kichwa nikakilaza pembeni kama kiwiko kilichokunjwa, nikakichomelea kwenye kipande cha nondo ya milimita 12 chenye urefu wa sentimita 40 hivi. Rodi ni hizi za kawaida za dukani, geji 12. Nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ipoe haraka, nikapiga brashi ya waya, nikaipaka rangi nyekundu ili ikianguka chini ya gari niione.

Siku mbili imepiga kazi, mpaka jirani akaja kuiazima. Siku ya tatu asubuhi, naivuta kawaida tu, sijakaza hata meno, TAA! Kichwa kimebaki kwenye boliti, mpini mkononi, kiwiko kimekula chasisi. Hadi leo nakunja mkono kwa mahesabu.

Kinachonisumbua ni hiki. Mshono haujaachia. Imekatika upande wa spana, kama milimita 3 kutoka ulipoishia mshono. Pale palipokatika pana rangi ya kijivu, punje punje kama sukari, na kwenye kona moja kuna alama nyeusi yenye umbo la kucha. Mlioshika rodi miaka mingi, hiyo ni nini?

#2 Kiti cha Mbele

Naweka kambi hapa. Picha mkuu.

#3 Mchomeleaji Mbalizi

Ndoo ya maji. Uzi ufungwe.

#4 Dogo wa Chuo

Habari wakuu. Spana nyingi zinatengenezwa kwa chuma cha kromu na vanadiamu, na chuma hicho HAKICHOMELEKI. Mwalimu alituambia ukichomelea spana umeiua hapo hapo. Tatizo siyo ndoo, tatizo ni kuchomelea kwenyewe. Kama unahitaji spana yenye pembe, kanunue yenye pembe.

#5 Dada wa Ipogolo

Dogo #4, shuka taratibu. Hapa Ipogolo malori yanaingia usiku na mchana, yanayojiandaa kushuka Kitonga na yaliyopanda yakiwa hoi. Kazi yangu kubwa ni breki. Spana ninayotumia kukaza breki za nyuma za lori imeungwa katikati kwa kuchomelea, na nimeirithi kwa fundi aliyenifundisha. Aliitengeneza kabla sijajua tofauti ya bisibisi na tindo. Shingo yake imepinda mara mbili kama nyoka anayevuka barabara, na pale ilipoungwa unaona wazi mshono ulisuguliwa kwa tupa mpaka ukalala. Haijawahi kukatika, na sina mkono mwepesi, waulize madereva.

Sasa hiyo "haichomeleki" imetoka wapi?

Yule mzee sikumbuki akitumia maji hata siku moja. Alikuwa na debe la majivu ya jikoni. Kitu kikitoka kwenye moto kinazikwa humo, mnakwenda kula, mnarudi kesho.

#6 Mchomeleaji Mbalizi

Dada #5 kanisaidia. Sasa nieleze, maana nimeona mtu kanitumia meseji eti najibu kwa dharau.

Spana inapotoka kiwandani imepikwa mara mbili. Kwanza inapashwa mpaka iwe nyekundu na kuzamishwa kwenye mafuta ili iwe ngumu, halafu inapashwa tena kwa moto mdogo ili ugumu upungue kidogo na ukakamavu uongezeke. Ukiishia hatua ya kwanza unapata kitu kigumu kama glasi, na kitavunjika kama glasi. Ukipiga rodi pale, chuma cha pembeni ya mshono, ambacho hakikuyeyuka, kinafika nyuzi 800 na zaidi kwa sekunde chache. Ukikipoza ghafla umerudia hatua ya kwanza bila ya pili. Mshono wenyewe ni chuma cha rodi, laini, kina kaboni kidogo, hakigandi kuwa kigumu. Nondo nayo laini. Kwa hiyo panapokatika ni pale kwenye mkanda mwembamba upande wa spana, sawa na alivyosema mleta uzi, milimita 3.

Hata bila ndoo hatari ipo, kwa sababu chuma baridi kilichozunguka kinanyonya moto haraka. Ndiyo maana unapasha kwanza kichwa kizima, nyuzi 200 mpaka 300, unachomelea kikiwa cha moto, na unakizika kikiwa cha moto.

Anayebisha achukue tupa, asugue pale pembeni ya mshono. Tupa ikiteleza bila kula, ujue pamekuwa glasi.

#7 Mkinga wa Makambako

Mnazunguka mbali sana. Muulizeni spana aliinunua shilingi ngapi. Hizi zinazouzwa seti nzima kwa bei ya kuku wawili, ukizing'arisha zinapendeza, ndani ni uji. Mimi nauza vifaa, najua ninachosema.

#8 Kiti cha Mbele

#7 kwa hiyo wewe ndiye unayetuuzia uji?

#9 Mkinga wa Makambako

Mimi nauza unachoomba. Ukiomba cha bei ya kuku wawili nakupa cha kuku wawili. Biashara ni uaminifu.

#10 Mzee wa Tukuyu

Nimewasoma wote. Mimi nimechomelea tangu enzi za majenereta ya kuwasha kwa kuzungusha hendeli, na huku kwetu Rungwe mvua haina likizo. Nitauliza swali moja tu ambalo hakuna aliyeuliza: rodi zako kijana unaziweka wapi?

#11 Spana Boi wa Sae

Shikamoo mzee. Zipo kwenye kontena, juu ya rafu, boksi limefunguliwa tangu mwezi wa tano. Kontena linavuja kidogo upande wa rafu, lakini rodi hazijalowa.

#7 spana nilinunua moja moja, siyo seti. Bei siitaji, nitachekwa.

#12 Mzee wa Tukuyu

Marahaba. Sasa tumefika.

Rodi haihitaji kulowa uone maji yanachuruzika. Ule unga uliopakwa nje unavuta unyevu wa hewani, na Mbeya asubuhi ya mwezi wa sita na wa saba, ukungu umelala mpaka saa nne, unadhani unyevu unakwenda wapi? Ukiichoma, maji yanavunjika, haidrojeni inaingia kwenye chuma kilichoyeyuka na kubaki ndani. Chuma laini hakijali. Chuma kigumu kama hicho cha pembeni ya mshono, haidrojeni inatambaa taratibu inatafuta pa kukaa, na ufa unaweza kutokea saa 24 au hata 48 baada ya kuchomelea, wewe umeshaanza kazi. Rudi usome bandiko lako. Siku mbili ilikuwa nzima, ya tatu ikakatika. Ndoo ya maji ingeua siku hiyo hiyo.

Kwa kazi kama hiyo tafuta rodi za 7018. Boksi likifunguliwa zinatunzwa kwenye joto, na zikikaa nje zinaokwa upya kwa nyuzi 260 na zaidi, saa moja au mbili. Sisi tulitumia tanuri la mikate la jirani, mkate ukishatoka.

#13 Dogo wa Chuo

7018 maana yake inabeba kilo 7018 kabla ya kukatika. Hiyo ya kawaida ni 6013, inabeba 6013. Kwa hiyo tofauti ni kama kilo elfu moja.

#14 Dada wa Ipogolo

😂😂 Dogo, mwalimu wako akiingia humu atakurudisha kidato cha pili.

Namba mbili za mwanzo ndizo za nguvu: 60 ni pauni elfu sitini kwa inchi moja ya mraba, 70 ni elfu sabini. Ya tatu ni mkao unaochomelea, chini, ubavuni, juu ya kichwa. Ya mwisho inaeleza aina ya unga na umeme unaofaa. Hazisomwi kama bei ya nyanya.

#15 Dogo wa Chuo

Nimekubali dada, nilichanganya. Asante.

Ila kwenye "haichomeleki" bado nipo.

#16 Fundi Transfoma

Mzee #12 nakuheshimu, ila umetaja 7018 kana kwamba zinawaka kwa mashine yoyote. Vijana wengi wana hizi mashine za kienyeji zilizosukwa mtaani. 7018 kwenye mashine hizo inaganda kwenye chuma kama ulimi wa mbuzi kwenye chumvi. Ukiongeza moto inatapika. Na mleta uzi hajasema alichomelea saa ngapi. Kama ni jioni, mtaa mzima umewasha majiko na redio, umeme umeshuka, rodi ya geji 12 inayotaka ampia 60 mpaka 90 inapata nusu. Hapo hakuna kuyeyuka, kuna kupaka. Chuma kimegusana tu na kutengana.

#17 Mchomeleaji Mbalizi

#16 ingekuwa kupaka, ingebanduka kwenye mshono. Kasema mshono mzima. Soma uzi.

#18 Uzi Mnene

"Soma uzi" lol. Uzi wa boliti au uzi huu? Maana wa boliti ya stata nadhani sasa hivi umeshalika.

#19 Kamwene

Mnisamehe mimi si fundi, ni mwalimu wa fizikia, Iringa. Nina hesabu ndogo.

Spana ya kawaida ya 14 ina urefu wa sentimita 18 hivi. Ukiivuta kwa nguvu ya kilo 30 unapata takriban nyutoni mita 53 kwenye boliti. Bwana huyu ameongeza mpini hadi sentimita 40. Nguvu ile ile, kilo 30, inakuwa nyutoni mita 118 au pungufu kidogo. Zaidi ya mara mbili. Aliyetengeneza spana fupi hakuishiwa chuma, alikuwa anakukinga usivute kupita kiasi. Halafu kuna jambo la umbo. Kichwa cha ringi kipana, kinaungana ghafla na nondo ya duara. Penye kona ya ghafla nguvu zote zinakusanyika, kama maji kwenye shimo la bomba. Hata chuma kingepikwa vizuri vipi, ufa ungeanzia pale.

Hiyo alama nyeusi kama kucha naomba tuiangalie zaidi. Kwa maelezo yenu wote, ni ufa uliokuwepo kabla. Ulipata hewa ukaingia weusi, sehemu iliyobaki ikakatika siku ya tatu ikiwa safi ya kijivu. Swali ni ulikuwepo tangu lini.

#20 Dada wa Ipogolo

Mwalimu #19 kaniamsha. Spana Boi, ulisema uliipaka rangi nyekundu BAADA ya kuipoza. Chukua kile kichwa, washa tochi ya simu, tazama ndani ya hiyo kucha. Ukiona rangi imeingia ndani, ufa ulikuwepo kabla hujapaka, ndoo ya maji ina kesi. Usipoiona, ufa ulikuja baadaye: ama haidrojeni ya mzee wa Tukuyu, ama mpini mrefu wa mwalimu.

#21 Kiti cha Mbele

Dada ahamishiwe upelelezi. Nipo hapa na chai.

#22 Baridi Kali

Na baridi je? Imekatika asubuhi. Huku Makete asubuhi za Julai hata kitasa cha mlango kinauma. Chuma kikipoa sana kinavunjika, hilo linajulikana.

#23 Mchomeleaji Mbalizi

Linajulikana kwenye baridi ya barafu ya kweli huko kwa wenzetu. Nyuzi tano sita za Mbeya haziwezi kukata spana nzima. Zingekuwa zinakata, malori yote ya barabara kuu yangelala Uyole.

Baridi inaingia kwa mlango mwingine: unachomelea chuma kilicholala nje usiku kucha bila kukipasha, kinapoa haraka zaidi. Hapo nakubali. Lakini hiyo ni kesi ya siku ya kuchomelea, siyo siku ya kukatika.

#24 Mama Gereji

Niulize tofauti kidogo. Mume wangu anachomelea, na akichoma vitu vyenye rangi ya fedha usiku anatetemeka kama ana malaria, asubuhi mzima. Anakunywa maziwa anasema yanasafisha. Hiyo spana nayo ina rangi ya fedha. Ni kitu kimoja?

#25 Fundi Transfoma

Maziwa ni dawa tosha dada, nusu lita kabla, nusu lita baada. Tumekua hivyo.

#26 Dada wa Ipogolo

Hapana, kaka. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi unakwenda kwenye mapafu, hawakutani njiani.

Mama Gereji, kutetemeka usiku ni homa ya moshi wa zinki, inatoka kwenye mabati na mabomba yaliyopakwa zinki. Kwa kawaida inaisha yenyewe kwa siku moja au mbili, lakini kila ikirudi mwili unaumia. Akiona kifua kinabana au pumzi inakata, ni hospitali, si maziwa. Spana ni suala jingine, ile rangi ya kung'aa ni kromu, na moshi wa kromu ni mbaya zaidi, huo ni wa saratani. IARC, wale wanaoainisha visababishi vya saratani duniani, walikaa mwaka 2017 wakaweka moshi wa kuchomelea kwa ujumla kwenye kundi la kwanza kabisa. Asage kromu yote kwa grenda sentimita mbili tatu kila upande, avae barakoa ya vumbi la chuma wakati wa kusaga, na achomelee penye upepo. Si ndani ya kontena.

#27 Mama Gereji

Asante sana dada. Anachomelea ndani ya kontena.

#28 Spana Boi wa Sae

Kusaga kromu sikusaga. Nilichomelea juu kwa juu. Sasa nimeongeza kosa la nne au la tano?

#29 Malungu

Mimi naingia kutoka Sumbawanga. Nyie mnabishana rodi, babu zetu Wafipa walisimamisha malungu, matanuru ya udongo marefu kupita mtu, wakatoa chuma kwenye mawe ya kilimani kwa mkaa wa msituni, kisha wakakisafisha kwenye tanuru dogo. Hakuna umeme, hakuna 7018. Jembe lililotoka pale lililima.

#30 Uzi Mnene

Na stata ya Noah walifunguaje?

#31 Malungu

Noah alikuwa bado yupo kwenye safina.

#32 Kyela Joto

😂 #31 umetisha.

Jamani, kwani lazima kuchomelea? Mimi spana za pembe nakunja tu. Napasha shingo kwa gesi mpaka iwe nyekundu ya cheri, naikunja kwenye vaisi, naiacha ipoe yenyewe. Hakuna mshono, hakuna ufa. Ninazo sita.

#33 Mchomeleaji Mbalizi

Ulipoipasha mpaka nyekundu ukaiacha ipoe taratibu umeifanya kuwa laini pale shingoni. Haitakatika, lakini itapinda siku utakapokutana na boliti yenye kiburi.

#34 Kyela Joto

Imeshapinda mbili. Nilizinyoosha. Kupinda kuna ubaya gani? Bora ipinde kuliko ikatike iniumize kiwiko.

#35 Mzee wa Tukuyu

Huyu wa Kyela kasema neno. Kifaa cha kujitengenezea heri kikuoneshe kimechoka kabla hakijakudhuru.

Ukitaka irudi ngumu kiasi, usikisie rangi tu. Chukua sumaku ya spika mbovu. Pasha mpaka sumaku ikatae kushika, ongeza moto kidogo tu, zamisha kwenye mafuta ya injini yaliyopashwa kidogo, si maji. Kisha sugua ing'ae, pasha tena polepole ukitazama rangi zinazopita juu ya chuma: njano ya majani makavu, kahawia, zambarau, buluu. Kwa spana vuka buluu mpaka rangi ianze kufifia kuwa kijivu. Ukiishia njano umetengeneza patasi.

#36 Bwana Pawatila

Mbarali hapa. Sisi msimu wa mpunga ukianza hakuna mtu ana muda wa sumaku. Pawatila, ile trekta ndogo ya kusukuma kwa mikono, ikizima katikati ya jaruba unafungua kwa chochote. Nimetengeneza pula ya kung'olea beringi kwa vipande vya springi za gari, miguu mitatu, nimechomelea mwenyewe. Imekatika mara mbili, nimechomelea mara mbili, ya tatu nikatumia rodi za stenlesi, 309. Ghali, lakini tangu hapo ipo. Springi nazo zina kaboni nyingi, ukipiga rodi ya kawaida inalia "tik" ikipoa. Ukisikia hiyo "tik" jua umeshapata ufa.

#37 Spana Boi wa Sae

#36 mkuu, hiyo "tik" niliisikia! Kwenye ndoo. Nilidhani ni ndoo.

#38 Mchomeleaji Mbalizi

🙌 Nimesema uzi ufungwe tangu #3.

#39 Mzee wa Tukuyu

Kijana, ganda la juu la rodi nalo likipoa linalia hivyo hivyo. Mimi nimesikia "tik" maelfu, spana zilizokatika hazifiki kumi. Usimpe ushindi haraka.

#40 Roho ya Land Cruiser

Nachangia kifaa kimoja. Nati ya habu ya mbele ya Land Cruiser, ile ya 54, soketi yake wengi hawana, wanagonga nati kwa tindo mpaka inakuwa kama meno ya mamba. Mimi nilichukua kipande cha bomba nene, nikapasha mdomo, nikaupigilia juu ya nati chakavu ukashika pembe sita, nyuma nikachomelea soketi kuukuu ya 24 ili racheti iingie. Ile soketi ilikuwa nyeusi, ya mashine ya upepo, ni nene na haina ung'ao. Hizo nyeusi ni kromu na molibdenamu, zimepikwa kuvumilia kugongwa, kwangu zimepokea mshono vizuri kuliko zile zinazong'aa. Miaka minne. Ila nati hiyo haihitaji nguvu nyingi, nakiri.

Na anayechomelea nati juu ya boliti iliyolika ndani ya gari, achomoe betri kwanza, na ethi, ile klampu ya kurudishia umeme, aibane karibu kabisa na anapochomelea. Kuna mtu alibana ethi kwenye bampa akachomelea kwenye habu, umeme ukapita ndani ya beringi. Wiki iliyofuata beringi inaimba kwaya.

#41 Kiti cha Mbele

#40 huyo mtu ni wewe?

#42 Roho ya Land Cruiser

Ni mtu.

#43 Dogo wa Chuo

Wakuu nimerudi. Nimemuuliza mwalimu wa karakana. Kasema hakusema haichomeleki, alisema haichomeleki KWA NAMNA MNAVYOCHOMELEA NYIE. Nimewasilisha.

#44 Dada wa Ipogolo

Mpe salamu. Mwambie nafasi yake humu ipo.

Spana Boi, ile kucha umeitazama?

#45 Spana Boi wa Sae

Nimeitazama dada, ndiyo maana nilipotea.

Nilikipata kichwa chini ya benchi, kwenye mafuta. Nikakifuta, nikakiweka kwenye jua, nikawasha na tochi. Ndani ya kucha, karibu na ukingo, kuna wekundu. Mstari mwembamba kama uzi wa kushonea. Nikafurahi, nikasema ndoo ya maji imekamatwa. Nikamuonesha bosi. Bosi akakitazama akaniuliza: "Hii ni rangi au kutu?"

Wakuu, nimekaa nayo dakika kumi. Rangi yangu ni nyekundu ya udongo, ile ya kuzuia kutu. Kutu nayo ni ile ile. Sijui.

#46 Kamwene

Hili ni zuri sana. Chukua pamba, dondoshea tina, sugua taratibu. Rangi itaacha wekundu kwenye pamba, kutu haitayeyuka. Na kama ni kutu, swali linabaki, maana ufa wa siku mbili unaweza kupata kutu kwa ukungu wa huko.

#47 Mzee wa Tukuyu

Mwalimu kasema sawa. Ila asisugue sana, akichokonoa atatoa vyote viwili.

#48 Mkinga wa Makambako

Tina ninayo, lita kwa bei nzuri.

#49 Spana Boi wa Sae

Mrejesho. Nilikwenda kuazima tina kwa wapaka rangi wa jirani, nikachelewa kidogo kwa maneno. Kurudi, nimekuta Noah nyingine ipo juu ya mawe na bosi yupo chini yake. Kachukua kile kichwa, kakisaga kikawa cheupe pote, kakichomelea upya kwenye kipande cha springi kwa rodi zile zile za kontena. Kapoza kwa kukitupa kwenye mchanga nje.

Boliti ya juu ya stata imetoka.

#50 Mchomeleaji Mbalizi

Kwa hiyo ushahidi umesagwa.

#51 Spana Boi wa Sae

Umesagwa mkuu. Na spana kaiazima jirani yule yule.